Maana ya Herufi AA Juu ya Mkebe wa Kahawa

Watu wengi wanunuao kahawa ya Kenya dukani hudhani ya kuwa herufi AA juu ya mkebe zaonyesha utamu wake. Sivyo. Herufi hizo ni kipimo cha ukubwa wa buni tu. Buni zilizokwisha kobolewa hupitishwa katika machekeche: zile kubwa, zenye upana wa karibu milimita 7, huitwa AA; zipungukazo kidogo huitwa AB; na PB ni buni ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda, mahali pa mbili. Wanunuzi wa mnada wa Nairobi wazijua sana herufi hizo, lakini huionja kahawa yenyewe kabla ya kutaja bei. Mkulima wa Nyeri au Kiambu, ambaye buni zake husifiwa ng'ambo, mara nyingi hunywa chai, wala hajui wao wameonja nini.

Naye aweza kuonja kwake. Buni mbichi chache zikaangwe katika kikaango kikavu, kwa moto wa kiasi, zikikorogwa pasipo kukoma. Zitageuka manjano, kisha hudhurungi, nazo zitalia kwa kupasuka. Hapo ziepuliwe na kupepetwa upesi ungoni zipate kupoa. Zikiachwa kikaangoni zitaungua kwa joto lake. Kesho yake zitwangwe, kiasi cha kunywewa siku hiyo tu, maana kahawa iliyosagwa hupotewa na harufu upesi, hata ikiwa ni AA. Watu wa Mombasa huongeza tangawizi, wakainywa bila sukari, kwa tende au halua.