Tundu la Kasuku

Mvulana mmoja wa pwani aliishi na babu yake. Babu alikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyefugwa nyumbani humo miaka 30. Kila asubuhi kasuku alipiga "Hodi!" kisha akajijibu mwenyewe, "Karibu!"

Siku moja mvulana aliona kwamba tundu limeshika kutu na rangi yake inabambuka. Akataka kumfurahisha babu yake. Akatwaa kopo la rangi iliyobaki mashua ilipopakwa, akashika burashi, akataka kuanza, na kasuku yumo ndani. Mara babu akatokea, akamshika mkono.

"Ngoja, mjukuu wangu. Nia yako ni njema, lakini utamwua. Ndege huyu hula kwa mdomo, tena hupanda kwa mdomo."

Maneno ya babu ni kweli. Kasuku huuma vyuma vya tundu na kujivuta juu, tena hupenda kuguguna. Rangi ikibambuka, huimeza. Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Kiasi kidogo chatosha kumwua ndege, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978.

Jambo la pili ni pumzi. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyomo mwilini, hata hewa mpya hupita katika mapafu avutapo pumzi na aitoapo pia. Hivyo hupata nguvu ya kuruka; lakini hivyo hivyo mvuke mbaya humshika upesi kuliko mtu. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua jambo hili. Walishuka mgodini na ndege mdogo wa manjano aitwaye kanari. Ndege akilegea, walijua kuwa hewa ina sumu, wakatoka mbio. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1986, mashine zilipochukua kazi ya ndege.

Basi babu na mjukuu walifanya kazi kwa taratibu. Kwanza walimhamisha kasuku katika tundu jingine, wakampeleka kwa shangazi, mbali na harufu. Kisha babu akasema, "Rangi hii ya zamani naijua, niliinunua mwenyewe, na kopo liliandikwa kwamba haina risasi. Kama nisingaliijua, tusingaliikwangua kamwe. Tungalilitupa tundu hili na kununua jingine."

Wakaliosha tundu kwa sabuni. Wakajifunga vitambaa puani, wakasugua kutu kwa msasa uliotiwa maji, ili vumbi lisiruke. Wakalikausha. Hawakutumia rangi ya mashua, bali rangi ya chuma ichanganywayo na maji, iliyoandikwa kuwa haina risasi na yafaa kwa vitu vya watoto. Wakapaka mara mbili, kila mara nyembamba. Kwa maana rangi nzito hukauka juu, na ndani hubaki mbichi.

Kesho yake mvulana aligusa tundu, akaona ni kavu. Akasema, "Babu, nimlete?"

Babu akajibu, "La. Kukauka ni jambo moja, kukomaa ni jambo jingine."

Wakasoma maagizo ya kopo, wakangoja majuma matatu, mpaka pua iliyowekwa karibu isisikie harufu yo yote. Ndipo mvulana akakwaruza rangi kwa ukucha, nayo haikutoka. Wakaliosha tundu tena. Vijiti vya kusimamia hawakuvipaka rangi. Walikata vipya vya mpera, wakaongeza vingine vya kuguguna, ili kasuku aviache vyuma.

"Hata sasa umwangalie," babu akasema. "Akikataa chakula, au akitapika, au akitetemeka, tumpeleke kwa mganga wa wanyama siku ile ile. Na ukiona rangi imebambuka, umtoe mara moja."

Kasuku akarudishwa. Siku nzima alinyamaza, akilitazama tundu lake kama mgeni, na mvulana hakuondoka karibu. Lakini asubuhi ikasikika sauti, "Hodi!" Safari hii mvulana aliwahi kujibu, "Karibu!"

Mwenye kufuga kiumbe hana budi kukitazama chombo chake kwa macho ya kiumbe huyo, wala si kwa macho yake tu.

MASWALI

1. Kwa nini rangi ya tundu ni hatari kwa kasuku kuliko kwa mtu?
2. Wachimbaji wa makaa walichukua kanari kwa sababu gani?
3. Tundu lenye rangi kuukuu usiyoijua lifanyweje?
4. Eleza maana ya maneno haya: "Kukauka ni jambo moja, kukomaa ni jambo jingine."