Kibao cha barabarani huleta simu, hakileti imani

Msomaji unayeanza biashara ya kununua na kuuza nyumba au viwanja jijini Dar es Salaam, huenda tangazo lako la kwanza likawa kibao cha bati kando ya barabara. Gharama yake ni ndogo na hakihitaji ofisi kubwa. Hata hivyo, wapo wanaosimika vibao ishirini, wakapata simu tatu, kisha wakasema biashara ni mbaya. Mara nyingi kasoro iko kwenye vibao vyenyewe.

Kwanza, maneno. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kibao kinachosomeka kutoka mita 50 kinampa dereva sekunde zisizotimia nne. Andika "NANUNUA NYUMBA NA VIWANJA" na namba moja ya simu, basi. Maelezo zaidi yaweke karibu na kituo cha daladala, ambako abiria ana muda wa kusoma.

Pili, mahali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kibao kilichosimikwa humo bila kibali cha TANROADS kinaweza kung'olewa wakati wowote. Kwa barabara za mitaa, waone TARURA, na halmashauri ikueleze ada ya tangazo. Njia rahisi ni kukubaliana na mwenye duka au mwenye ukuta, umlipe kidogo kila mwezi.

Tatu, hesabu. Tuseme vibao 20 vimekugharimu shilingi 25,000 kila kimoja, jumla shilingi 500,000. Vikileta simu 40, kila simu imekugharimu shilingi 12,500. Viking'olewa vinane mapema na simu zikashuka hadi 24, kila simu inafikia karibu shilingi 21,000. Kwa hiyo kibali si anasa, ni sehemu ya mtaji. Muulize kila anayepiga amekiona kibao wapi, uandike kwenye daftari. Baada ya miezi miwili utajua kipi kibaki na kipi kihamishwe.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Pita Kinondoni, Temeke au Ilala usome kuta: "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI." Hayo nayo ni matangazo, na yanashindana na lako. Yameandikwa na wenye nyumba waliochoka na madalali wasiojulikana, au na familia zinazogombea mirathi. Mtu huyo akiona kibao chako chenye namba ya simu tu, atakuweka kundi moja na matapeli.

Dawa yake ni kuonekana. Sajili jina la biashara BRELA, uliweke kwenye kibao kwa herufi ndogo pamoja na mtaa ilipo ofisi yako. Ukipigiwa simu, usikimbilie bei. Nenda kwanza serikali ya mtaa ujitambulishe, kisha ufanye upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Bila ridhaa hiyo, fedha ya mwekezaji mdogo inaweza kukwama mahakamani miaka mingi. Pima pia umbali kutoka barabarani, usije ukanunua nyumba yenye alama ya X iliyopakwa rangi upya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la ardhi hata kizuri hulazimika kujitembeza, ila kitembezwe na mtu ambaye muuzaji anajua atampata wapi kesho. Kabla ya kumlipa fundi wa vibao, hakikisha unayo anwani ya kuandika.