Kumtunza Mzee Nyumbani na Kumhifadhi Anayemtunza

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mzee anapoishiwa na nguvu za kujihudumia, shauri la nani atakayemtunza aghalabu halikaliwi kitako hata siku moja. Kazi humwangukia yule aliye karibu, akawa binti asiye na mume, au mkaza mwana, au mjukuu wa kike ambaye masomo yake huanza kukatika kidogo kidogo, na jamaa wengine wote wakaridhika kwa kuwa mzee hakosi mtu. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya jamaa hao wote, kwa itikadi kuwa mzee hawezi kupata raha katika mikono iliyochoka.

Jambo la awali ni kikao cha jamaa, na mzee mwenyewe awemo, maadamu akili yake ingalipo, kwani kuamuliwa mambo yako nawe umelala chumba cha pili ni uvunjaji wa hishima. Hapo zigawanywe zamu za mchana na za usiku kwa majina. Aliye Dar es Salaam au Maskati hutuma fedha, na fedha ni auni kubwa. Lakini fedha hazimgeuzi mgonjwa kitandani saa nane za usiku, basi naye ajapo kwa Idi achukue zamu kamili, ili aliyekesha mwaka mzima apate kulala.

Kazi yenyewe ina elimu yake. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, na ngozi ya visigino, nyonga na kitokono ikatazamwa kila siku, kwa sababu wekundu usioondoka ndio mwanzo wa kidonda ambacho kupona kwake ni taabu. Hisia ya kiu hupungua kwa umri, kwa hivyo apewe maji hata kama hakuyaomba, ila pale daktari alipoamuru vingine. Na akianza ghafla kuweweseka au kutotambua watu, msiseme ni uzee, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, na mchukue dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba pamoja. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za wima na aghalabu hazina mwanga: mshusheni chumba cha chini, ondoeni mikeka inayoteleza, wekeni taa njia ya chooni na kishikio ukutani.

Wenye uwezo huajiri mtu. Na hapa insafu ni sharti: ujira, saa za kazi na siku ya mapumziko viandikwe mapema, wala aliyeajiriwa kumwogesha na kumlisha mzee asigeuzwe mfuaji wa nguo za nyumba nzima, kwani mzee ndiye atakayelipia uchovu huo.

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwalipa wakaazi waliotimiza miaka 70 Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuulizwa kama waliwahi kuajiriwa. Fedha hiyo ni mali ya mzee. Anayekwenda kumpokelea ni wakili wake tu, na hana ruhusa ya kuitumia kwa haja zake. Ambaye hakuandikishwa, jamaa zake waanzie kwa sheha. Na kwa asiye na jamaa kabisa, zipo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, ambazo kukaa humo si aibu.

Tunarejea kwa mtunzaji, kwa kuwa yeye ndiye asahaulikaye. Mgongo unaouma kwa kunyanyua, usingizi uliopotea, hasira inayompanda kwa neno dogo na kisha kumwachia majuto, hizo ni dalili za mtu aliyezidiwa, wala si upungufu wa mapenzi au wa imani. Mtu wa namna hii hahitaji kuhimizwa astahamili. Ahitaji mwengine wa kumpokea.

Basi tunawaomba jamaa wote wenye mzee: kaeni kabla ya juma hili kwisha, andikeni zamu, na usiku wa kwanza wa mapumziko apewe yule aliyeukosa kwa muda mrefu kuliko wote.