Unarudi kwa Baiskeli Ukiwa Mtu Mzima? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Wengi wetu tulijifunzia kwa Black Mamba ya baba au ya mjomba, mguu mmoja umepitishwa chini ya ile paipu ya juu kwa sababu kiti tulikuwa hatukifikii. Baadaye tukamaliza shule, tukazoea matatu, na baiskeli ikasahaulika. Sasa nauli imepanda, daktari ametaja presha, na unafikiria kununua tena. Unaingia mtandaoni, unaona picha ya baiskeli safi ya mtumba kutoka Ulaya, unapiga simu, na jamaa anakuambia, "Tuma deposit kidogo nikushikie, kuna mteja mwingine yuko njiani."

Usitume. Tutarudi kwa huyo jamaa. Kwanza tujue unanunua nini, kwa sababu mtu asiyejua anachotafuta ndiye huwa na haraka ya kulipa.

Kwa mtu mzima anayeanza upya, baiskeli inayofaa zaidi kwa kawaida ni haibridi. Ina magurudumu makubwa kama ya baiskeli ya mbio, lakini usukani wake umenyooka na tairi zake ni nene kiasi. Unakaa wima, mgongo hauumii sana, na unaona gari mbele vizuri. Ya mbio ina tairi nyembamba ambazo zinaweza kunasa kwenye vyuma vya mitaro. Ya milimani ina tairi za meno ambazo kwa lami zinavuma tu na kukumalizia nguvu. Ikiwa safari yako ni lami kisha kilomita moja ya murram ya kufika nyumbani, haibridi iko katikati kabisa.

Muuzaji atakuonyesha ile yenye springi kwenye foko ya mbele, na ataisifu sana. Maoni yetu: kwa baiskeli ya bei ya chini, iache. Springi za bei rahisi ni nzito, zinameza nguvu yako ukipanda kilima, na zikichakaa huwa hazina spea. Foko ya kawaida na tairi ya upana wa milimita 38 hadi 42 itameza matuta vizuri tu.

Tukiwa kwa tairi, hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Haibridi nyingi hutumia rimu inayoitwa 700C. Black Mamba nayo hutumia tairi ya 28 x 1 1/2. Kwa macho zinafanana, na kuna tairi za 700C ambazo pia zimeandikwa "28", kwa hivyo ni rahisi kuuziwa isiyofaa. Angalia ubavuni mwa tairi, utaona nambari kama 40-622. Hiyo 40 ni upana kwa milimita, na 622 ni kipimo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Ya Black Mamba itasoma 635. Tofauti ni milimita 13, na hakuna fundi wa kuilazimisha ikae salama. Kabla ya kununua baiskeli, uliza fundi wa mtaani kwako kama huwa anapata tairi na tyubu za 622. Akisema hapana, jua utakuwa ukizitafuta mbali, na uweke tyubu moja ya ziada kwenye begi.

Angalia valvu pia. Ile nene, kama ya gari au pikipiki, inajazwa petrol station yoyote. Ile nyembamba yenye kifuniko kidogo cha kufungua kwa vidole inahitaji pampu yake au adapta. Si kasoro, lakini ujue mapema, si siku ya pancha saa moja usiku.

Saizi ya fremu ni muhimu kuliko rangi na jina la kampuni. Simama juu ya baiskeli miguu yote ikiwa chini: paipu ya juu iache nafasi ya kama sentimita 3 hivi. Halafu kaa kwenye kiti, mtu akushikie, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunja kidogo, na hivyo ndivyo linavyotakiwa. Kiti kikiwa chini sana, magoti yataanza kulalamika, nawe utadhani ni uzee.

Kwa gia, usihesabu wingi. Tafuta gia rahisi ya kupandia: duara dogo la mbele liwe na meno 28 au chini, na kubwa la nyuma liwe na 28 au zaidi. Miguu iliyokaa miaka mingi bila kazi itakushukuru.

Breki zina mtego mmoja kwa baiskeli za mtumba. Zilizotoka Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Nyingi za bara Ulaya zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Ukibana ya mbele kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma, unaweza kurushwa juu ya usukani. Jaribu polepole kwanza, na ukiinunua mwambie fundi abadilishe waya zikae upande uliozoea.

Sasa ukaguzi wenyewe. Nenda mchana, ukiweza na fundi wako. Pitisha kidole kwenye viungo vya fremu ukitafuta ufa, hasa karibu na usukani. Shika mkono wa pedali uusukume kuelekea fremu: ukicheza, beringi au bolti zina shida. Zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba. Chukua rula upime cheni kutoka katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele. Mpya itasoma karibu sentimita 30.5. Ikifika 30.8 imeisha, na mara nyingi imekula meno ya nyuma pia, kwa hivyo bei ishuke. Bei ni maelewano, na rula ni hoja nzuri kuliko kulia njaa.

Turudi kwa yule jamaa wa deposit. Kuna wauzaji wa kweli wanaoomba deposit, lakini tapeli naye anaomba hiyo hiyo, na kwa simu huwezi kuwatofautisha. Lipa ukiwa umesimama kando ya baiskeli. Kama ni duka, omba nambari ya till, usikubali kutuma kwa "nambari ya kijana wangu". Jina likitokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, lisome. Likiwa tofauti na la duka au la mtu unayeongea naye, simamisha hapo hapo uulize. Ukishatuma kwa hiari, kurudishiwa si rahisi: ombi la kurudisha muamala limewekwa hasa kwa pesa zilizoenda kwa nambari isiyo sahihi, na tapeli huwa ametoa zote kwa agenti kabla hujamaliza kupiga simu.

Geuza baiskeli uandike nambari iliyopigwa chini ya fremu, karibu na pedali. Ikiwa imekwaruzwa, ondoka, hata bei ikiwa tamu. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi yenye hiyo nambari na nambari za vitambulisho vyenu, kisha weka ile SMS ya malipo. Usiifute.

Usimalize bajeti yote kwa baiskeli. Tuseme una 20,000: tumia 15,000, na 5,000 ibaki ya helmeti, kufuli, taa mbili na sevisi. Ukiokoa nauli ya 200 kwa siku, siku tatu kwa wiki, ni kama 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo pesa yako itarudi baada ya miezi minane na kitu. Baada ya wiki mbili za kwanza, irudishe kwa fundi akaze spoki na bolti, kwa sababu mara nyingi hulegea ukianza kuendesha kila siku.