Cholmondeley: Herufi Kumi na Mbili, Silabi Mbili

Juzi katika kipindi cha historia nilisomeshwa kwa sauti jina la mlowezi Lord Delamere (1870-1931): Hugh Cholmondeley. Nikalisoma lote, "Cho-lo-mo-nde-lei", kama tusomavyo Kiswahili. Wacha darasa liangue kicheko! Kumbe Waingereza husema "Chamli" tu.

Niliona haya, nikaamua kulichimbua. Ni jina la ukoo lililo adimu hata kwao, na lilianza kama jina la kijiji, huko Cheshire, Uingereza. Zamani mtu aitwaye Ceolmund alikuwa na "leah" yake hapo, yaani mahali palipofyekwa msituni. Katika kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ambamo mfalme William aliorodhesha ardhi yake, kijiji kimeandikwa Calmundelei. Waliomiliki shamba hilo wakaitwa kwa jina lake. Karne zikapita, ulimi ukameza silabi moja moja, lakini kalamu ikakataa katakata kufuata.

Kwa hivyo, jamani, matamshi yangu yalikaribia yale ya kale kuliko "Chamli" yenu. Na yule aliyecheka kwanza, hebu aje ubaoni aliandike bila kuchungulia kitabu.