Kansa, Kanka na Shanka: Maneno Matatu ya Kiingereza Yaliyotoka kwa Kaa

Katika vitabu vya tiba vya Kiingereza hupatikana maneno matatu yanayokaribiana sana sikioni: "cancer", litamkwalo kansa; "canker", litamkwalo kanka; na "chancre", ambalo hutamkwa shanka kwa kuwa limepitia Ufaransa. La kwanza ni saratani. La pili hutumika zaidi kwa vidonda vidogo vya mdomoni. La tatu ni kidonda cha mwanzo cha kaswende. Mgonjwa anayesikia moja akadhani ni jingine aweza kukesha kwa hofu isiyo na sababu au, jambo lililo baya zaidi, kutulia mahali pasipofaa kutulia.

Yote matatu yametokana na neno moja la Kilatini lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Warumi nao walifuata nyayo za Wayunani. Katika maandiko yanayonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa karne ya 5 kabla ya Kristo, vidonda na uvimbe usiopona huitwa karkinos, yaani kaa. Hapo ndipo lilipozaliwa neno "carcinoma", ambalo mgonjwa huliona mpaka leo katika majibu ya kipimo cha kinyama. Galen, aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, alieleza sababu ya jina hilo: katika saratani ya titi, mishipa ya damu iliyovimba hutanda kuuzunguka uvimbe mithili ya miguu ya kaa.

Hadithi hii si ya Wazungu peke yao. Matabibu walioandika kwa Kiarabu waliuita ugonjwa huo kwa jina lao la kaa, nasi tukalipokea kuwa saratani. Kwa hiyo asemaye "kansa" na asemaye "saratani" wote wanamtaja mnyama yuleyule, na wanaobishana ni lipi kati ya hayo mawili lililo Kiswahili safi wanabishana bure.

Kwa karne nyingi Waingereza walitumia "cancer" na "canker" bila kuyatenga, kwa saratani na kwa vidonda vinavyokula nyama. Tangu karne ya 17 ndipo matabibu walipolitenga la kwanza kwa ajili ya saratani. Maneno yakaachana, lakini maradhi yenyewe bado yaweza kukutana mahali pamoja, nako ni kinywani.

Kidonda cha kanka huuma, si kirefu, hakiambukizi, na kwa kawaida hupona chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Shanka ni kinyume chake: mara nyingi haiumi hata kidogo. Hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya maambukizi, aghalabu sehemu za siri, lakini pia mdomoni. Kisha hupona yenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, hata pasipo dawa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kidonda kimeondoka, ila vimelea vya kaswende vimebaki mwilini, na mama mjamzito aweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Kipimo cha damu hubainisha ugonjwa huu, na sindano ya penisilini huutibu. Ama saratani ya kinywa, yaweza kuanza kama kidonda kidogo kisichouma. Dalili yake kubwa ni kwamba hakiponi. Kidonda cha mdomoni kilichozidi wiki 3 bila sababu inayojulikana kionwe na daktari, hata kama mwenyewe hasikii maumivu.

Liko pia neno la nne, "chancroid", lenye maana ya kitu kifananacho na shanka. Hiyo ndiyo pangusa, nayo huletwa na bakteria wengine kabisa, na kidonda chake huuma.

Mhudumu wa afya anayemwandikia mgonjwa barua ya rufaa asitegemee neno "canker" peke yake, kwa maana msomaji wake aweza kulisoma haraka akaona "cancer". Aandike kidonda kiko wapi, kina siku ngapi, na kama kinauma. Na mgonjwa aelezwe hayo hayo kwa Kiswahili kabla hajaondoka na karatasi yake.