Maji Yaliyoletwa kwa Damu: Kuwaheshimu Waliokufa Wakiokoa Wageni

SOMO LA JUMA HILI
Maandiko: 2 Samweli 23:13–17, Luka 10:25–37

Kesho Jumatatu ni sikukuu ya Memorial Day. Shuleni watoto wetu wameambiwa kwamba ni siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa kazini. Wakirudi nyumbani na kutuuliza, wengi wetu tunanyamaza. Sababu tunaijua. Kule tulikotoka, tulipoona magwanda ya jeshi tuliwashika watoto mkono tukakimbilia porini. Ni vigumu kumheshimu mwanajeshi kama uliwahi kulala msituni kwa ajili ya mwanajeshi.

Somo la leo halituambii tusahau hayo. Linatuuliza: vipi kuhusu yule aliyevaa magwanda akafa akimsaidia mtu asiyemjua?

Yaliyotokea Nepali

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.8 lilipiga nchi ya Nepali. Watu karibu 9,000 walikufa. Barabara za milimani zilifunikwa na maporomoko, vijiji vikabaki bila njia ila ya angani. Marekani ilituma wanajeshi na ndege kutoka Okinawa, Japani. Kazi hiyo ilipewa jina la Kinepali, Sahayogi Haat, maana yake mkono wa msaada.

Tarehe 12 Mei ardhi ikatetemeka tena, kwa ukubwa wa 7.3. Siku hiyo hiyo helikopta moja ya kikosi cha Marine ilipeleka misaada wilaya ya Dolakha, kisha ikachukua majeruhi ili kuwafikisha hospitali. Haikufika. Ilianguka mlimani, na mabaki yake yalionekana siku tatu baadaye. Walikufa Wamarekani sita, wanajeshi wawili wa Nepali, na raia watano waliokuwa wakiokolewa. Kati ya wale Wamarekani, mdogo alikuwa na miaka 22. Wawili kazi yao ilikuwa kupiga picha.

Tunajifunza nini?

1. Tusiyafanye kuwa maji ya kawaida. Daudi, akiwa pangoni Adulamu, alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Na sisi gunia la mchele na hema la msaada tunavijua; wengi tuliwahi kuvipokea kambini. Je, tuliwahi kumfikiria dereva au rubani aliyevileta? Heshima huanza pale tunapotambua gharama.

2. Tuwakumbuke wote. Ni rahisi kila taifa kuwalilia wa kwake. Lakini mlima ule haukuchagua bendera. Wanajeshi wawili wa Nepali walikufa pamoja na wenzao, na wale majeruhi watano nao walikuwa na mama zao. Kule Kathmandu, uwanja wa ndege, wanajeshi wa nchi zote mbili walisimama pamoja kuwaaga Wamarekani wale. Tukiomba kesho, tuombee nyumba zote kumi na tatu.

3. Kumheshimu mtu si kuitukuza vita. Msamaria wa Luka 10 alitoka katika watu ambao Wayahudi hawakuwapenda. Yesu hakuwaficha wasikilizaji wake kabila lake. Aliwaonyesha alichofanya njiani. Nasi tunaweza kusema kweli mbili kwa pamoja: wanajeshi walituumiza, na wapo wanajeshi waliokufa wakiwabeba waliojeruhiwa. Kweli ya kwanza isitufunge macho tusiione ya pili.

Tufanye nini juma hili?

Kwenye majengo tunamoishi wapo majirani wanaozungumza Kinepali, na wengi wao waliletwa hapa kama wakimbizi, sawa na sisi. Bisha hodi, wasalimie, waulize kama wana ndugu waliopatwa na tetemeko lile. Kama kuna familia kanisani ambayo mtoto wao ameingia jeshini, msiwasubiri waombe maombi, wapigieni simu. Na kesho, kabla ya kuwasha moto wa nyama, mzazi awasimulie watoto kisa hiki kwa dakika tano, kwa Kiswahili.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Daudi hakuyanywa maji yale, ingawa alikuwa na kiu?
2. Nani alihatarisha maisha yake ili wewe ufike hapa ulipo? Umewahi kumtaja kwa watoto wako?
3. Ni uchungu gani unaokuzuia kumheshimu mtu anayestahili heshima?

Tuombe: Bwana, wafariji waliobaki bila watoto wao, hapa Marekani na kule Nepali. Ponya majeraha yetu ya vita, na utupe mioyo ya kushukuru. Amina.